Nyayo Nilizosema Zimekufa

Mwezi uliopita nilirudisha barazani kofia, mkanda na kaptula mbili za kaki, na karani akaniandikia karatasi kwamba nimerudisha vyote isipokuwa filimbi. Filimbi ilipotea mtoni wakati wa vita ya Hitla. Nimeshalisema hilo mara nyingi, na nadhani imetosha. Karani huyohuyo ndiye aliyenipa madaftari mawili akasema, "Baba Shija, andika. Vijana wanaoingia utarishi siku hizi wanapanda baiskeli, hawajui kutazama chini." Nikamwambia mimi shule nilikwenda miaka miwili, kwa mapadri, na mwaka wa pili nilichunga ng'ombe wao kuliko nilivyosoma. Akasema andika hivyohivyo unavyosema. Basi ndivyo.

Habari za vyeo sitaandika. Vilikuwa viwili, na cha pili nilikivalia kofia ileile ya cha kwanza.

Huyu karani wetu amesoma Tabora, na kila mara wezi wakiletwa barazani huniuliza swali lilelile. "Padri anasema mwizi ni mtu anayejipenda kuliko wenzake. Mwalimu wangu alisema mwizi ni mjinga tu, angekuwa na akili asingeiba. Wewe uliyewafuata miaka yote hii, unasemaje?" Nilikuwa namjibu kwa mzaha, namwambia mimi nafuata miguu, vichwa kawaulize wenyewe. Sasa sina kofia, naweza kumjibu.

Niliingia kazini mwaka wa pili wa vita. Mtemi alitaka watu wanaojua nyayo za ng'ombe, maana wizi ulikuwa umezidi. Ng'ombe walichukuliwa huku kwetu Shinyanga, wakapitishwa Kahama, wakapelekwa machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Kule porini mbung'o hawaachi ng'ombe kuishi, na wachimbaji wanataka nyama kila siku, kwa hiyo mwenye bucha haulizi ng'ombe ametoka wapi.

Ninyi vijana sheria ya nyayo mnaisikia tu, ngoja niieleze. Ng'ombe wakiibwa, mwenyewe anapiga mwano, lile yowe la Kisukuma ambalo ukilisikia hata kama unakula unaacha. Wanaume wanatoka na mikuki na kufuata nyayo. Zikiingia kijiji cha jirani, wazee wa kijiji hicho wanaitwa, wanaambiwa, "Nyayo hizi zimeingia kwenu, zitoeni." Ni juu yao sasa kuzifuata hadi mpaka wao wa pili na kuonyesha kwamba zimetoka. Wakionyesha, wako salama, kijiji kinachofuata kinapokea. Wasipoonyesha, tunasema nyayo zimekufa pale, na kijiji kile kinalipa ng'ombe, kisha kinamtafuta mwizi chenyewe ndani yake. Na kilikuwa kinampata, maana kila kijiji kina mtu ambaye hakimpendi. Anayetamka kwamba zimekufa ni tarishi. Wazee wanaweza kubishana na mtemi siku tatu, lakini tarishi wa nyayo akitamka, hakuna wa kumbishia.

Aliyenifundisha ni Mzee Jilala. Alikuwa mnene sana. Kila aliyemwona alicheka, mtafuta nyayo mnene namna ile, lakini unene wake ndio uliomfanya fundi. Hakupenda kupiga hatua ya bure. Mimi nilikimbia huku na huko kama mbwa, yeye amesimama anapepea kofia, halafu ananyoosha fimbo: "Wamepita pale." Wamepita pale kweli. Alinifundisha kukata kijiti cha urefu wa kwato na kukitia alama kwa kisu, upana hapa, ufa hapa, ili ukifika mbele usidanganywe na ng'ombe mwingine. Alinifundisha kufunika unyayo mmoja mzuri kwa kipande cha chungu, wazee wa kijiji waje wauone mzima. Na kubeba michembe, vile viazi vikavu, maana tarishi anayekula kwa watu hufika amechelewa. Hilo la michembe nililidharau.

Wezi niliowaona na Jilala walikuwa wa kila aina. Kuna mmoja alivaa makatambuga yake kinyumenyume ili ionekane anakwenda Mwanza. Jilala alikaa chini akacheka mpaka machozi. "Tazama," akasema, "mtu anakwenda Mwanza, ng'ombe anakwenda Kahama, na wameshikana kamba moja!" Tulimkuta karibu na Kagongwa, miguu imevimba, maana viatu vile kinyume havitembeleki. Huyo nampa mwalimu wa karani, alikuwa mjinga. Mwingine alikuwa tajiri, ana ng'ombe hata hajui idadi yao, na aliiba mtamba mmoja wa mtoto wa marehemu dada yake. Tulipomuuliza sababu akasema, "Alikuwa mzuri." Basi. Huyo nampa padri.

Lakini wengi hawakuwa wa mwalimu wala wa padri. Walikuwa watu tu. Ndiyo maana nataka kuwaambia habari za Masunga.

Masunga alikaa katika kijiji ambacho sitakitaja, waliokuwapo wengine wazima bado. Nyumba yake ilikuwa pembeni, karibu na lambo, lile bwawa wanaponyweshea ng'ombe wa kijiji kizima. Ujanani aliiba mbuzi akafungwa miezi mitatu. Baadaye alikwenda machimboni Geita, akarudi na kikohozi na mke, Mama Doto, Msumbwa mmoja mrefu asiyecheka na watu hovyo. Walikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, wasichana wote wawili. Mimi nilimfahamu kwa sababu njia yangu ya kazi ilipita kwake, na alikuwa akinipa maji. Tulitaniana. Aliniita "Bwana Kwato".

Ilikuwa kiangazi, miaka ya mwisho ya vita. Jilala amekwisha kustaafu na hatuko naye. Asubuhi mwano ukalia upande wa mashariki: bwana mmoja, Mabula, ameibiwa ng'ombe watatu, mmoja mwekundu mwenye kwato fupi. Nilikata kijiti changu, tukaondoka watu kama thelathini. Mbugani nyayo zilikuwa wazi kama maandishi. Tukavuka vijiji viwili, wazee wakatutoa salama. Jua halijafika kichwani, nyayo zikapita nyuma ya nyumba ya baba mkwe wangu.

Hapo ndipo. Baba mkwe alisimama kwenye uzio wake wa minyaa, amenikunjulia uso, pombe ya mtama imeiva, jogoo amekwisha kuchinjwa. Kwa mkwe hupiti mlango bila kuingia. Ukipita, mke wako atakukumbusha mpaka uzeeni. Lakini ningeweza kusema, "Baba, niko kazini, nitarudi jioni," angeelewa, alikuwa mtu mwelewa. Ukweli ni kwamba miguu iliniuma na pombe ilinukia vizuri. Nikawaambia wenzangu, "Nyayo hazikimbii." Mabula, mwenye ng'ombe, akasema kwa upole, "Tarishi, wenyewe wanakimbia." Watu wakacheka, tukakaa. Tulikaa mpaka vivuli vikageuka.

Tulipofika lambo la kijiji cha Masunga, ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wamekwisha kunywa na kuondoka. Mamia ya kwato. Tope lote limepondwa kama udongo wa mfinyanzi. Nyayo nilizokuwa nafuata zimeingia mle, na kuzipata tena njia ni moja tu, kuzunguka lambo lote kwa mbali, duara kamili, mpaka uone zinapotokea. Ni kazi ya saa mbili. Nilizunguka nusu. Upande wa pili kulikuwa na mawe na miiba, pombe imenipanda kichwani, na watu thelathini wananitazama, na wazee wa kijiji wamefika nao wananitazama.

Mwanangwa wao, yule mkuu wa kijiji, akaniuliza, "Tarishi, zinatokea wapi?"

Ningesema, "Nimezipoteza, nilikaa kunywa." Maneno matatu. Mabula angenitukana, mtemi angenikata mshahara, baba mkwe angeona aibu. Yote hayo yanapona.

Nikasema, "Zimekufa hapa."

Watu wa kijiji hawakubishana. Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea nyumba ya Masunga. Hata sikuona nani alianza.

Kwenye ua wake kulikuwa na ngozi nyekundu imewambwa juani. Masunga akatoka akiwa na kisu mkononi, alikuwa anachonga mpini. Alipoona mikuki aliogopa, kisha akaniona mimi, na uso ukamrudia. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo, uso ule unavyorudi.

"Ah, Bwana Kwato! Afadhali umekuja wewe. Waambie hawa. Huyu ni maksai wangu, amekufa kwa ugonjwa juzi. Kwato zile pale, hatujazipika. Pima."

Mabula aliitazama ngozi. "Wangu alikuwa mwekundu hivi," akasema. "Lakini sijui. Wekundu ni wengi. Tarishi aseme."

Nikachukua kijiti changu nikapima. Kwato ya maksai ilikuwa ndefu kuliko kijiti kwa upana wa kidole. Kidole kizima. Mtoto angeona. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema zimekufa pale, na nikisema kwato si yenyewe wataniuliza, basi ng'ombe wako wapi, na tutarudi kwenye lambo, na kwenye pombe ya mkwe. Nikaweka kidole gumba juu ya sehemu iliyozidi. Nikasema, "Inaingia."

Masunga hakupiga kelele. Alisema, "Pima tena." Mama Doto ndiye aliyepiga kelele. Wakamfunga mumewe kamba, wakampeleka kwa mwanangwa kumngoja mtemi.

Kesho yake asubuhi nilirudi lamboni peke yangu. Sijui kwa nini, nadhani nilitaka kuhakikisha kwamba nilikuwa sahihi, mtu hujidanganya hivyo. Nikamaliza ile nusu ya duara. Kupita mawe, kwenye kipande kidogo cha kichanga, nikazikuta. Ng'ombe watatu na watu wawili, wanaelekea magharibi. Kwato fupi. Nikatoa kijiti, kikaingia sawasawa.

Masunga alikuwa bado kwa mwanangwa, mwendo wa kuvuta tumbaku mara mbili. Ningekwenda nikasema. Nilikaa juu ya jiwe muda mrefu. Nilikuwa sina pombe kichwani siku hiyo, wala watu wa kunitazama, wala jua kali. Halafu nikasimama nikapita juu ya nyayo zile, nikarudi tena, nikapita, kama mtu anayetembea tu.

Karani, hapa ndipo jibu lako. Ujinga sikuwa nao, nilijua kuliko mtu yeyote. Ubinafsi? Sikupata hata mkia wa ng'ombe. Utasema nililinda kofia yangu, haya, sema, sikatai. Lakini pale kwenye kichanga sikuwaza kofia. Niliwaza kwamba kusema ni kazi na kunyamaza si kazi. Ndicho nilichokikuta baadaye kwa wezi wengi niliowashika. Walianza na kitu kidogo, wakakuta kurudi ni kupanda mlima na kuendelea ni mteremko.

Wakamfunga miaka miwili, na ng'ombe wake wanne wakaenda kwa Mabula. Mimi ndiye niliyempeleka gerezani Shinyanga, kwa miguu, siku mbili. Nilimlegezea kamba. Njiani tulikaa kula michembe, sasa nilikuwa nabeba. Akaniuliza, "Kidole gumba kile, Baba Shija, ulikiweka kwa makusudi?"

Nikasema, "Kidole gani?"

Akatafuna kidogo. "Basi nimeona vibaya," akasema. "Jua lilikuwa kali." Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Sikuichukua. Alifariki gerezani kabla ya mvua za mwaka wa pili, kwa kuhara, na kikohozi kile cha machimboni kikasaidia.

Nikaendelea na kazi miaka mingi. Nilikuwa tarishi mzuri baada ya hapo, nawaambieni, mzuri sana. Sikuzunguka nusu tena. Watu walinisifu. Na njia yangu ilipopita kwa Mama Doto nilizunguka kwa kule juu, kwenye shamba la pamba, nikasema huko njia ni kavu zaidi.

Mwaka huu, kabla sijarudisha kofia, alikuja mshenga kutoka Ushetu. Mnajua desturi, watu wakitaka kuoa huulizia ukoo kwanza. Kijana wao alikuwa amempenda Kulwa. Mshenga akakaa nami kwenye gogo nje ya baraza, akaniamkia shikamoo vizuri, akasema, "Mzee, tumeambiwa wewe ndiye uliyeshika shauri la baba wa binti. Alikuwa mwizi kweli? Sisi tutaamini neno lako."

Fikirini, miaka yote hiyo, na mlango umefunguliwa hadi mwisho, ninaombwa niingie. Nikasema, "Ni mambo ya zamani, sikumbuki vizuri."

Akashukuru akaenda. Uchumba ukafa. Nilisikia sokoni, kwa watu waliokuwa wanacheka.

Ndipo nilipokwenda kwa Mama Doto. Kweupe, asubuhi, kwa njia ya kwake. Amezeeka, lakini urefu uko palepale. Nilimwambia yote niliyowaandikia hapa, hata kidole. Aliendelea kupembua mtama, hakuinua uso. Nilipomaliza akasema, "Mimi unaniambia ili nini? Mimi nilijua. Nililala na yule mtu, najua maksai wake alikufa lini."

"Naomba unisamehe, Mama Doto."

"Unaanza na mwisho," akasema. "Siku ile ulisema mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu."

Mwanangwa wa sasa ni mtoto wa yule wa zamani. Aliwaita watu lamboni siku ya soko, akidhani nawaaga kwa sababu ya kustaafu. Wapo waliokuwapo siku ile, kama sita au saba, Mabula mmoja wao, anategemea mkongojo. Kulwa na Doto walisimama na mama yao nyuma. Nikasema. Sikusema vizuri, nilirudia maneno, nikaanzia kwa mkwe badala ya kuanzia kwa Masunga, lakini niliyamaliza.

Mwanangwa akakohoa. "Baba Shija umechoka. Kazi imekuchosha. Mambo hayo yalikwisha barazani."

"Yalikwisha kwa uongo wangu."

"Sasa unataka tufanye nini? Ng'ombe wale wameshazaa, na watoto wao wamezaa. Turudishe ukoo mzima?"

Watu wakacheka, kwa ahueni, kama wanavyocheka mtu anapotua mzigo. Mabula akasema, "Mimi nilisema sijui. Mnakumbuka? Nilisema wekundu ni wengi." Mzee mwingine akasema yule Masunga hata hivyo mbuzi aliiba, hilo halina ubishi. Wakaanza kuondoka wawiliwawili, soko lilikuwa linaanza. Hakuna aliyenikasirikia, hata mmoja. Ningependa wangenikasirikia. Niliwatazama migongo yao na sikuweza kuwalaumu, nilikuwa nawafahamu mno. Kukubali ni kazi.

Mama Doto akajifunga kaniki yake vizuri. "Haya, wanangu mmesikia kwa masikio yenu," akasema. "Twendeni." Doto akamfuata.

Kulwa hakwenda. Alinijia, msichana mzima, mrefu kama mama yake, macho ya Masunga. Hakuniamkia. Akasema, "Zilitokea wapi?"

"Nini, mwanangu?"

"Nyayo. Zilitokea upande gani?"

Nikatembea mbele, yeye nyuma, tukapita mawe na miiba mpaka kile kichanga. Sasa pameota nyasi, na mvua zimepita juu yake sijui ngapi. Nikanyoosha fimbo nikasema, "Hapa. Zinaelekea kule." Akachutama. Akasogeza nyasi kwa mkono, taratibu, akatazama chini, akatazama, kana kwamba bado zipo. Mimi nikasimama kando yake. Sikuwa na la kumwonyesha.